NGOME YA SALZBURG: KILA UKUTA NA HOFU YAKE

Katika nchi ya Austria, pale milima mirefu ya Alpi inapokwisha na nchi tambarare kuanza, upo mji uitwao Salzburg. Mto Salzach wapita katikati ya mji, na kando ya mto umesimama mlima mdogo wa mwamba. Juu ya mwamba huo, kama mita 120 juu ya mapaa ya nyumba, imekaa ngome kubwa nyeupe. Wenyeji waiita Hohensalzburg, maana yake Salzburg ya Juu. Urefu wake ni mita 250 na upana wake mita 150. Kama mahali hapo pangekuwa tambarare, vingeenea viwanja vinne vya mpira.

Ngome nyingi za Ulaya zilijengwa na wafalme na makabaila. Ngome hii, msomaji mpenzi, ilijengwa na maaskofu. Tena si askofu mmoja. Kwa muda wa miaka mia sita, tangu 1077, kila askofu mkuu aliyepata hofu mpya aliongeza ukuta mpya. Kwa hiyo mtu akijua historia yake, anaweza kuisoma ngome hii kama kitabu, maana kila ukuta unamwambia aliyeujenga alimwogopa nani. Haya, tuisome pamoja, ukuta kwa ukuta.

MJI WA CHUMVI

Jina la Salzburg maana yake ni ngome ya chumvi. Katika milima iliyo karibu, hasa penye mji wa Hallein, watu walichimba chumvi tangu zamani za kale, wakaipakia katika mashua na kuiteremsha kwa njia ya mto. Siku hizo chumvi haikuwa kitu cha kutia katika mboga tu. Nyama na samaki havikuweza kukaa bila chumvi, wala jeshi halikuweza kusafiri bila nyama iliyotiwa chumvi. Aliyekuwa na chumvi alikuwa na fedha.

Mnamo mwaka 696 alifika hapo Mtakatifu Rupert, akakuta magofu ya mji wa Warumi wa kale. Chini ya mwamba akaweka monasteri ya Mtakatifu Petro. Baadaye kidogo, kwenye bega la mwamba huohuo, ikaanzishwa nyumba ya masista iitwayo Nonnberg, na mkuu wake wa kwanza akawa Erentrud, mwanamke wa ukoo wa Rupert. Tafadhali, msomaji, ikumbuke nyumba hii ya masista, tutairudia mwishoni.

Mwaka 739 Salzburg ikawa jimbo, na mwaka 798 ikawa jimbo kuu. Miaka ilivyozidi kupita, askofu mkuu akawa pia mtawala wa nchi. Alitoza kodi, alihukumu kesi, alipiga fedha zenye jina lake, alikuwa na askari. Mkono mmoja ulishika fimbo ya mchungaji, na mkono wa pili ulishika upanga. Katika mikono hiyo miwili ndimo ilimotoka ngome.

UKUTA WA KWANZA: HOFU YA MFALME

Katika karne ya kumi na moja palikuwa na ugomvi mkubwa kati ya Papa Gregori VII na Heinrich IV, mfalme wa Wajerumani. Waligombania neno moja: ni nani mwenye haki ya kuwaweka maaskofu, Papa au mfalme? Mwezi wa Januari mwaka 1077 mfalme alikwenda mpaka ngome ya Canossa, katika Italia, akasimama nje siku tatu wakati wa baridi kali akiomba kuondolewa hukumu ya kutengwa na Kanisa. Papa akamsamehe. Lakini ugomvi haukuisha.

Askofu Mkuu wa Salzburg wakati huo alikuwa Gebhard, naye alikuwa upande wa Papa. Alijua kwamba mfalme hatamwacha. Basi mwaka uleule wa 1077 akaanza kujenga ngome tatu katika nchi zake: moja hapa Salzburg, ya pili Werfen, na ya tatu Friesach. Ukitazama ramani utaona akili yake. Ngome hizo zilikaa juu ya njia za kupita milimani kati ya Ujerumani na Italia. Mwenye kuzishika aliweza kufunga njia kama mtu afungavyo mlango.

Ngome ya kwanza haikuwa kubwa. Ilikuwa jengo la kukaa, lililozungukwa na boma la miti. Nguvu yake ilikuwa ni mwamba wenyewe. Adui aliyetaka kuishambulia alilazimika kupanda mahali penye mteremko mkali, amevaa vyuma vizito, na alipofika juu pumzi zimekwisha, huku walinzi wanamporomoshea mawe.

Lakini ngome haikumsaidia Gebhard mwenyewe. Mwaka huohuo alikimbia nchi, akakaa uhamishoni miaka tisa. Alirudi mwaka 1086, akafa mwaka 1088. Kazi aliyoianza ilikuja kumalizwa na Askofu Mkuu Konrad I, aliyetawala tangu 1106 mpaka 1147.

UKUTA WA PILI: HOFU YA BARUTI

Miaka mia tatu na zaidi ikapita. Kisha kikaja kitu kilichowafanya wajenzi wote wa Ulaya wafikiri upya, nacho ni baruti. Zamani ukuta mzuri ulikuwa ukuta mrefu, ili adui asiweze kuweka ngazi. Sasa ukuta mrefu na mwembamba ukawa shabaha nzuri ya mzinga. Ukipigwa katikati, wote unaanguka.

Kuanzia mwaka 1462 Askofu Mkuu Burkhard von Weißpriach akaizungushia ngome ukuta mpya wenye minara ya mviringo. Kwa nini mviringo? Mnara wa pembe nne una pembe, na pembe ndiyo inayovunjika upesi. Risasi ya mzinga ikipiga ukuta wa mviringo mara nyingi huteleza pembeni. Tena mlinzi aliye ndani ya mnara uliojitokeza nje ya ukuta anaweza kumwona adui aliyejibanza chini kabisa, penye msingi.

Lakini hofu ya Burkhard haikutoka kwa wageni tu. Siku zilezile wakulima wa milimani walikuwa wameinuka kwa sababu ya kodi. Tangu hapo mizinga ya ngome ilianza kutazama pande mbili: nje, kwa adui wa mbali, na chini, kwa watu wa nchi wenyewe.

UKUTA WA TATU: HOFU YA WATU WAKE

Ngome kama inavyoonekana leo, kwa sehemu kubwa ni kazi ya Leonhard von Keutschach, aliyekuwa askofu mkuu tangu 1495 mpaka 1519. Alama ya ukoo wake ilikuwa mzizi mnene mweupe wa shambani, wa jamii ya figili, ambao watu maskini wa nchi zile walikuwa wakipika. Wenyeji husimulia kwamba Leonhard alipokuwa kijana alikuwa mvivu, na mjomba wake kwa hasira akamtupia mzizi huo kichwani. Tangu hapo akashika adabu. Hiyo ni hadithi tu. Lakini alama yenyewe ni kweli, nayo imechongwa mahali zaidi ya hamsini katika ngome, ili kila apitaye ajue nani aliyejenga.

Leonhard aliinua jengo la katikati, akajifanyia juu yake vyumba vya fahari. Katika Ukumbi wa Dhahabu dari ni ya mbao zilizopakwa buluu na kupigwa vifundo vya dhahabu, hata mtu akitazama juu huona kama anga la usiku lenye nyota. Boriti moja yenye urefu wa mita 17 yapita chini ya dari hiyo. Upande mmoja zimesimama nguzo nne za marumaru nyekundu, zimesokotwa kama kamba. Katika chumba cha pili kuna jiko refu la kukanzia chumba wakati wa theluji, lililojengwa mwaka 1501 kwa vigae vya rangi vyenye sanamu za watakatifu na maua. Waliolifanya jiko hilo hawakuacha hata pembe moja bila pambo. Na karibu na chumba cha kulala kuna choo: tundu katika sakafu, limezungushiwa mbao. Mtu wa leo hucheka akikiona, lakini siku zile choo ndani ya nyumba, tena ghorofani, kilikuwa anasa ya wakubwa tu.

Uani alijenga kanisa la Mtakatifu Georgi, na ndani yake wamo Mitume kumi na wawili waliochongwa katika marumaru nyekundu. Nje, penye ukuta wa kanisa, yumo Leonhard mwenyewe, amechongwa mwaka 1515 amesimama akibariki.

Mambo mawili mengine ya wakati wake yafaa tuyataje, kwa kuwa yangali yakifanya kazi. La kwanza ni kinanda kikubwa cha mwaka 1502, chenye mabomba zaidi ya 200. Sauti yake ni nzito kama mlio wa fahali, ndiyo maana watu wakakiita Fahali wa Salzburg. Kiliwaamsha watu wa mji asubuhi na kuwaambia jioni kwamba siku imekwisha.

La pili ni njia ya reli. Msomaji atashangaa: reli miaka mia tatu kabla ya gari moshi? Naam. Kutoka karibu na nyumba ya masista wa Nonnberg mpaka ndani ya ngome ilijengwa njia ya mbao, na juu yake kikavutwa kigari cha kupandishia vyakula, mawe na mizinga. Imetajwa katika maandishi ya mwaka 1515. Kigari kilivutwa kwa kamba ya katani iliyozungushwa kwa gurudumu, na gurudumu lilisukumwa na watu au wanyama. Njia hiyo yapita katika malango matano, moja baada ya jingine, ili adui asiweze kuitumia kama mlango wa nyuma. Siku hizi reli ni za chuma na nguvu ni ya umeme, lakini njia ni ileile. Inahesabiwa miongoni mwa njia za reli za kale kabisa duniani zinazotumika bado.

Hayo ni mazuri ya Leonhard. Lakini haki ni kusema na mengine. Mwaka 1498 aliwafukuza Wayahudi wote katika nchi yake. Na watu wa mji walipodai haki zao, walizopewa na kaisari mwaka 1481, za kujichagulia meya na halmashauri, aliwaita meya na wazee wa mji waje ngomeni kula chakula pamoja naye. Hiyo ilikuwa mwaka 1511. Wageni walipokwisha ingia, askari wakawakamata. Hawakuachwa mpaka walipoziacha haki zao. Mji ulinyamaza; lakini kunyamaza si kukubali.

WAKULIMA CHINI, ASKOFU JUU

Deni hilo lilikuja kudaiwa kwa aliyemfuata, Askofu Mkuu Matthäus Lang. Huyu alikuwa mtu wa baraza la kaisari, mwenye akili na ukali. Mwaka 1523 aliingia mjini kwake na askari ili kuwatiisha raia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1525, wakulima wa sehemu nyingi za Ujerumani na Austria waliinuka dhidi ya mabwana wao. Katika nchi ya Salzburg walioanza walikuwa wachimba madini na wakulima wa mabonde ya Gastein na Pongau. Walilalamikia kodi, fungu la kumi, kazi za lazima, na waamuzi wasiosikiliza maskini. Wengine waliyafuata mafundisho mapya ya Luther, lakini njaa na dhuluma vilikuwa katika nyumba za wote.

Mwanzoni mwa Juni waliteremka kutoka milimani, na watu wa mji wakawafungulia malango. Askofu mkuu akakimbilia ngomeni. Basi likatokea jambo la kuhuzunisha: kondoo wamemzunguka mchungaji wao kwa silaha, na mchungaji anawatazama toka juu kwa tundu la mzinga.

Karibu miezi mitatu wakulima waliizunguka ngome, lakini kuta hazikuvunjika. Mizinga yao ilikuwa michache, na kuipiga ngome toka chini ni kama kurusha jiwe juu ya mnazi mrefu. Husemwa kwamba alama iliyo katika nguzo moja ya Ukumbi wa Dhahabu ni ya risasi iliyoingia siku zile.

Kuhusu mazingiwa hayo watu wa Salzburg wana hadithi yao. Wanasema chakula kilikwisha ngomeni, akabaki fahali mmoja tu. Mkuu wa walinzi akamtembeza juu ya ukuta ili wakulima wamwone. Usiku wakampaka rangi nyingine, asubuhi wakamtembeza tena. Siku moja mweupe, siku nyingine mweusi, siku nyingine ana madoa. Wakulima wakakata tamaa, wakisema, "Hawa wana zizi zima, hatutawaweza kwa njaa." Kisha walinzi wakateremka mtoni kumwosha fahali wao, na ndiyo maana mpaka leo watu wa mji huo hutaniwa kwa jina la waosha fahali.

Hadithi ni tamu, lakini kilichomwokoa askofu mkuu hakikuwa fahali. Yalikuja majeshi ya mabwana wa Ujerumani, na mwisho wa Agosti pakafanywa mapatano. Mwaka uliofuata vita vikazuka tena, na safari hii wakulima walishindwa kabisa. Lang akatawala mpaka alipokufa mwaka 1540. Somo alilopata ni lipi? Alizidi kuimarisha ngome.

MFUNGWA KATIKA NGOME YAKE

Wolf Dietrich von Raitenau alianza kutawala mwaka 1587. Huyu hakupenda kukaa mwambani. Alijenga mji mzuri chini, wenye viwanja vipana na nyumba za namna ya Roma. Lakini mwaka 1611 aligombana na jirani yake, Maximilian wa Bavaria, kwa sababu ya biashara ya chumvi. Wolf Dietrich akapeleka askari kuteka Berchtesgaden. Maximilian akaja na jeshi kubwa. Askofu mkuu akakimbia, akakamatwa njiani, na mwaka 1612 akalazimishwa kuacha cheo.

Aliyepewa nafasi yake alikuwa Markus Sittikus, mtoto wa mjomba wake. Watu walitazamia ndugu amhurumie ndugu. Sivyo ilivyokuwa. Wolf Dietrich alifungwa Hohensalzburg, katika ngome iliyokuwa mali yake, na humo alikaa mpaka alipokufa Januari 1617. Kuta zilizojengwa ili kumzuia adui asiingie, zilitosha pia kumzuia mwenye nyumba asitoke.

UKUTA WA MWISHO

Katika miaka ya 1618 mpaka 1648 Ulaya ya kati iliungua kwa Vita vya Miaka Thelathini. Askofu Mkuu Paris Lodron, aliyetawala tangu 1619 mpaka 1653, aliongeza boma nene kuuzunguka mji na ngome. Kuta hizi ni za namna nyingine kabisa: fupi, pana, zimeinama, na zimejazwa udongo, ili risasi ya mzinga izame ndani badala ya kubomoa. Lakini kilichoiokoa nchi yake si mawe peke yake. Lodron alikuwa mwenye busara, akajua kutojiingiza katika ugomvi wa wakubwa. Wakati wengine walipochoma miji, yeye alifungua chuo kikuu mwaka 1622 na kanisa kuu likabarikiwa mwaka 1628. Baadaye, kwa hofu ya Waturuki, Askofu Mkuu Max Gandolf von Kuenburg akajenga boma lingine lililokwisha mwaka 1681. Hapo ngome ikawa imekamilika.

Ikawa imekamilika, na haikupata kuvunjwa kwa vita hata mara moja. Mwezi wa Desemba mwaka 1800 majeshi ya Wafaransa yalipofika, Askofu Mkuu Colloredo alikuwa amekwisha kimbilia Vienna, na ngome ikatolewa bila kupigana. Mwaka 1803 maaskofu wakuu wa Salzburg wakanyang'anywa utawala wa nchi. Upanga ukatoka mkononi, ikabaki fimbo. Ngome ikawa kambi ya askari, ghala, na gereza. Mwaka 1861 jeshi halikuihesabu tena kuwa ngome ya vita. Mwaka 1892 ikajengwa reli ya pili, ya kuwapandisha watu, na siku hizi wageni wa nchi zote hupanda kutazama Ukumbi wa Dhahabu.

WALIOKAA BILA MIZINGA

Sasa turudi kwa masista. Chini ya ngome, pale kigari cha mizigo kinapoanzia, nyumba ya Nonnberg ipo mpaka leo. Ilianzishwa mapema katika karne ya nane, kabla ya ngome kwa miaka zaidi ya mia tatu. Katika nchi zote zenye kusema Kijerumani hakuna nyumba ya watawa wanawake iliyodumu miaka mingi hivyo pasipo kukatika. Imepata moto, imepata vita, imepata njaa kama nyumba nyingine. Haikuwa na mzinga hata mmoja.

Fikiri basi. Aliyeanza ngome alifia utawala wake baada ya miaka tisa ya uhamisho. Aliyeipamba aliwakamata wageni wake mezani. Aliyeokolewa nayo alizungukwa na watu wake mwenyewe. Mwingine alifia humo mfungwa, na wa mwisho aliikimbia. Mawe yaliwashinda maadui wote waliokuja na mizinga, lakini hayakuweza kuleta amani kati ya mkubwa na watu wake. Utawala wa upanga ulikwisha mwaka 1803. Kengele ya Nonnberg ingali ikilia asubuhi.